Dakika Mbili za New York

Wessel, Dakota Kusini
6 Mei 2016

Mjukuu wangu Kelby,

Pokea salamu zangu. Ukitaka kujua hali yangu, magoti yananiuma yote mawili kwa hiyo siwezi kusema lipi ni bora, lakini kahawa bado napika mwenyewe na ngazi ya kanisani napanda bila kushikwa mkono. Natumaini nawe u mzima, na unakula chakula kilichopikwa, si hicho cha kufunguliwa kwenye karatasi.

Baba yako ameniambia umeitwa juu, ligi kuu ya besiboli, kuwa refa wa akiba. Ameniambia yeye. Hukuniambia wewe. Habari ya damu yangu mwenyewe nimeisikia kwenye simu, na unajua simu na mimi hatuelewani, inameza nusu ya maneno. Basi andika barua. Una mikono miwili na serikali bado inauza stempu. Mimi niliishia darasa la nane na bado naandika, wewe uliyesoma hadi ukachoka utashindwaje?

Najivunia. Nimeshasema, sirudii, usije ukavimba kichwa kofia ikakukataa.

Miaka minane umezunguka ligi ndogo, kulala vyumba vya kando ya barabara kuu, kutukanwa na watu wasioweza kupiga mpira hata ukiwa umewekwa juu ya meza. Sasa wamekuita. Usiharibu. Kumbuka alichokufundisha babu yako pale kituo cha kwanza: macho yatazame mguu wa mkimbiaji, masikio yasikilize mpira ukiingia kwenye glovu ya mdakaji. Macho hayatazami mahali pawili kwa mara moja, ndiyo maana Mungu akatuongezea masikio. Mguu ukitangulia sauti kituoni, mkimbiaji salama. Sauti ikitangulia mguu, yuko nje, ametolewa. Hakuna kingine cha kujua.

Halafu kuna hili jambo la video. Nimeliona kwenye televisheni ya mkahawani kwa Donna. Refa amesema nje, kocha amenuna, basi refa mtu mzima anavalishwa hedifoni katikati ya uwanja kama mgonjwa anayepimwa masikio, anaiuliza New York kama alichokiona amekiona. Sikupenda. Babu yako Verlyn aliamua michezo miaka kumi na tisa katika wilaya hii, na akisema nje ni nje, hata kama anayekimbia ni mama yake mzazi. Ukisema neno, lisimamie. Usiniaibishe.

Bibi yako,
Arlys


Seattle, 29 Mei 2016

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa usingizi haunijui siku hizi, kila siku tatu tuko mji mwingine. Chakula nakula. Jana nimekula samaki, alipikwa, naapa.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Niliogopa nikikuambia tu, kesho yake watanirudisha chini, na wewe utakuwa umeshawatangazia watu wote kwa Donna.

Hiyo video, Bibi, si hiari yangu. Kila uwanja una kamera zaidi ya kumi. Kila timu ina mtu wake aliyejifungia chumbani, kazi yake kutazama marudio tu. Nikitoa uamuzi, yule mtu anampigia simu kocha: pinga, au nyamaza. Kocha akipinga, mimi na mkuu wa kikosi chetu cha marefa, mzee Hollis, tunakwenda kando, tunavaa hedifoni. Huko New York kuna chumba, na ndani yake marefa wenzetu wanaitazama ile picha polepole, kutoka kila upande. Sisi hatuonyeshwi kitu. Tunangoja. Kama dakika mbili hivi. Kisha sauti inasema uamuzi unabaki, au umegeuzwa, na Hollis anawaonyesha watu kwa mkono.

Nimepingwa mara tano. Nimegeuzwa mara tatu. Hollis anasema kwa mgeni si vibaya. Lakini zile dakika mbili huzijui, Bibi. Kosa lako, kama ni kosa, linaonyeshwa kwenye skrini kubwa kuliko kanisa letu, watu elfu arobaini wanalitazama na kuguna, na wewe unatazama viatu vyako.

Na wanatupima. Mwisho wa msimu mmoja wetu sisi wa akiba atapewa kazi ya kudumu. Nikiikosa mwaka huu sidhani nitaitwa tena, marefa wengi wadogo kuliko mimi wako nyuma wanangoja nafasi hii hii. Kinachonisumbua ni kelele. Wessel ungeweza kusikia panzi akiruka nyuma ya uzio. Huku glovu naisikia kwa shida, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Lakini nafanya kama Babu. Mguu kwa macho, glovu kwa sikio.

Nisalimie wote.

Mjukuu wako,
Kelby


Wessel, 8 Juni 2016

Kelby,

Hujambo? Mimi sijambo, mvua imenyesha ya kutosha na mahindi ya baba yako yamefika kisigino. Samaki. Haya, nimekuamini.

Mara tatu! Na unaniandikia kama mtu anayehesabu mayai ya kuku. Jana kwa Donna, Gaylen wa ghala la nafaka aliniuliza mbele za watu, "Arlys, huyo wa kwenu analipwa na ligi au na New York?" Nikamwambia, "Gaylen, mizani yako ile hukaguliwa kila mwaka na kila mwaka hukutwa inapunja. Funga mdomo, ule mayai yako." Walicheka wote hata yeye. Lakini nilipofika nyumbani haikunichekesha.

Wewe unajua ulikotoka. Mwaka sabini na nane, fainali ya wilaya, babu yako alimwambia Lowell Sudbeck kwamba yuko nje, na Lowell alikuwa wa timu yetu wenyewe, ya hapa Wessel. Tukakosa kombe kwa neno lile. Mji mzima ulimnunia. Mpaka leo Lowell akiniona anavuka barabara, na mimi simwiti. Je, Verlyn aligeuza neno? Hakugeuza. Hiyo ndiyo nyumba yetu.

Wewe kila kocha akinyanyua kidole mbio kwenye hedifoni. Sawa, ndiyo sheria yao, nenda ukazivae. Lakini shingo iwe ngumu. Wakikugeuza, waone usoni kwako kwamba hukukubali. Watu wakikuona umelegea mara moja watakupanda kichwani.

Na ule mboga pia, siyo samaki tu.

Bibi yako


Hotelini, sijali ni mji gani
21 Julai 2016

Bibi,

Shikamoo. Mwili ni mzima. Mengine sitakudanganya.

Labda umeshasikia. Kama bado, Gaylen atakuambia.

Jumanne. Kipindi cha tisa, cha mwisho. Wenyeji wanaongoza kwa bao moja. Wageni wamebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa, na wana mkimbiaji kituo cha tatu anayengoja kurudi kituo cha nyumbani apate bao. Mpigaji akapiga mpira wa chini, ukadakwa, ukatupwa kwangu kituo cha kwanza. Uwanja wote umesimama, unapiga kelele hadi ardhi inatetemeka. Nikatazama mguu. Nikasikia glovu. Naapa, Bibi, niliisikia, paa!, kabla mguu haujagusa. Nikakunja ngumi: nje! Mchezo umekwisha.

Fataki zikaruka. Wachezaji wakarukiana, wakamwagiana ndoo ya maji. Mpiga kinanda akaanza wimbo wao wa ushindi. Na kocha wa wageni amesimama pale kwenye ngazi za benchi lao, mkono juu, hatikisiki.

Tukavaa hedifoni. Nilifanya ulivyoniambia, shingo ngumu. Dakika moja na sekunde hamsini. Kisha New York: salama. Mguu ulitangulia kwa upana wa kiganja. Si jambo la kubishania, kila mwenye simu aliliona.

Wachezaji wakarudishwa uwanjani wamelowa, moshi wa fataki bado umetanda juu yetu. Bao likahesabiwa, timu zikawa sawa. Aliyefuata akaupiga mpira hadi ukutani, wageni wakashinda. Vikombe vikaanza kuruka. Kimoja kilinipata begani, kilikuwa na bia. Na mimi bado nimenuna, shingo ngumu, na picha ya uso wangu ule ndiyo inayozunguka nchi nzima. Wameandika chini yake: Bado anabisha.

Nilisikia nini? Hilo ndilo linalonila. Siyo kugeuzwa, nimeshazoea kugeuzwa. Kama sikio langu linasikia glovu ambayo haijadaka kitu, nitasimamaje pale tena?

Nimeandika barua ya kuacha kazi, nimempa Hollis asubuhi hii. Hawana mtu wa kuziba pengo langu, kwa hiyo nitakaa hadi mwisho wa Agosti, kisha narudi. Muulize Gaylen kama wanataka dereva wakati wa mavuno.

Na uniambie jambo moja. Babu alisimamaje na neno lake miaka yote ile, mji mzima ukimtazama? Mimi siku mbili zimenishinda.

Kelby wako


Wessel, 27 Julai 2016

Kelby, mjukuu wangu,

Natumaini barua hii imekukuta. Mimi ni mzima. Gaylen sikumuuliza wala sitamuuliza. Leo sikugombezi. Keti chini usome.

Umeuliza babu yako alisimamaje. Hakusimama. Aliketi. Baada ya mchezo ule hakuna aliyemwita kuamua tena, si wilaya hii, si ya jirani. Kila Jumapili ya kiangazi aliegesha lori nje ya uzio, kule mwisho kabisa, akatazama mchezo kupitia kioo, kisha akaliwasha na kuondoka kabla haujaisha ili asipishane na watu getini. Miaka ishirini na mitatu, hadi kufa kwake. Wewe ulikuwa ukikaa naye humo mkitafuna mbegu za alizeti, ukidhani mmefuata kivuli.

Sasa sikiliza yaliyobaki. Sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Siku ile ya fainali nilikuwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha kwanza, nauza soda na nyama ya kondoo ya kukaanga. Tulikuwa na sanduku la barafu la zamani, mfuniko wake wa chuma, mzito kama mlango wa tanuri. Kila mtu alikuwa akiniambia niutue polepole. Lakini kulikuwa na foleni, jua linachoma, na mke wa mchungaji ametaka soda ya zabibu. Nimempa ya chungwa, kairudisha. Nimempa ya cheri, kairudisha. Nikainama hadi chini ya barafu, nikaipata ya zabibu, nikauachia mfuniko kwa hasira. Paa!

Nikainua macho. Lowell alikuwa ndiyo kwanza anakanyaga kituo. Mpira ulikuwa hewani, Kelby. Niliuona kwa macho yangu haya, mweupe, hewani, haujafika. Na Verlyn alikuwa ameshaanza kukunja ngumi.

Alisikia mfuniko wangu.

Nilijua papo hapo. Soda iko mkononi, mke wa mchungaji amenyoosha mkono, Lowell amelala chini anapiga ardhi kwa viganja. Ningetoka kibandani, hatua thelathini tu, ningesema. Sikutoka. Nikampa soda yake, hata asante hakusema.

Alhamisi gazeti likatoa picha. Mguu juu ya kituo, mpira nje ya glovu. Verlyn akaiweka mezani akaitazama hadi kahawa ikapoa, akasema, "Picha haina masikio, Arlys. Mimi niliisikia glovu." Maneno yaleyale uliyoniandikia wewe. Siku ile nilifanya nini? Nilimmiminia kahawa nyingine.

Kwanza ilikuwa woga. Baadaye ikawa kiburi: afadhali mji useme mume wangu haoni kuliko useme mke wake amewapotezea kombe kwa sababu ya soda. Baadaye tena ikawa mazoea, na mazoea ni kama kutu, huoni siku inapoingia. Hata hospitalini, siku za mwisho, aliniambia, "Lakini nilisikia." Na kweli alisikia, maskini. Alisikia vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani.

Kwa hiyo wewe ulichosikia ni kitu. Mtu kagonga kiti, mtu kapasua mfuko wa karanga, nitajuaje. Sikio lako si bovu. Limepewa kazi ambayo uwanja wa watu elfu arobaini hauiruhusu. Na hizo dakika mbili unazozililia, babu yako angetoa shamba lote apewe moja tu. Angeaibika siku moja. Lowell angerudi kituoni, mchezo ungeendelea, na mimi ningemcheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nilikwambia shingo iwe ngumu. Nilikuwa najificha nyuma ya shingo ya Verlyn, sasa nikataka nijifiche na nyuma ya yako. Uso ule wanaoucheka nchi nzima ni wangu. Nisamehe. Neno hilo sikumbuki lini niliandika mara ya mwisho, kama limepinda utalinyoosha mwenyewe.

Kachukue barua yako kwa Hollis.

Bibi yako,
Arlys


Wessel, 15 Agosti 2016

Kelby,

Hujambo? Mimi sijambo, nasema hivyo kwa adabu tu.

Siku kumi na tisa. Sanduku la barua nalifungua mara mbili kwa siku, na leo mleta barua ameniuliza kama nimedondoshea meno humo ndani. Mvua ya mawe imelaza mahindi ya baba yako upande wa kaskazini. Upande mwingine umepona.

Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi. Kama umeacha kazi, sema umeacha. Nilikaa na jambo lile miaka thelathini na minane, nikalitua juu yako siku moja, na sasa sijui kama nilikusaidia au nilikutwisha.

Sijamwona refa wa sura yako kwenye televisheni ya Donna wiki mbili.

Bibi yako


Chicago, 22 Agosti 2016

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kuchelewa. Sikukasirika. Barua yako ya Julai ilipita hoteli tatu ikinifuata, imenifikia Jumamosi hii pamoja na ya pili. Niliisoma chumba cha kubadilishia nguo. Kwenye soda ya zabibu nilicheka hadi wenzangu wakageuka kunitazama. Halafu nikamwona Babu kwenye lori, nikatoka nje kidogo.

Nilimfuata Hollis. Barua yangu ilikuwa kwenye mfuko wa begi lake, haijafunguliwa.

"Nina tatu za msimu huu," akasema. "Yako ndiyo yenye mwandiko wa kusomeka."

"Naiomba."

"Chukua. Unabaki?"

Nikamwambia sijui. Nitabaki hadi kosa linalofuata. Nikiweza kulibeba, nabaki. Nikishindwa, safari hii sitaandika barua, nitavua kofia niondoke.

"Basi hutangoja sana," akasema. "Kosa haliko mbali na refa."

Mzee huyu ana ulimi kama wako. Amenifundisha pia nifanye nini na kelele: nirudi nyuma hatua tatu, macho yaone mguu na glovu pamoja, sikio lipumzike. Jambo hilo linanisumbua bado, kama kuandika kwa mkono wa kushoto.

Bibi, nina neno, nawe usilipokee vibaya. Mimi niligeuzwa kwa dakika mbili. Lowell amengoja miaka thelathini na minane. Hakuna chumba New York chenye picha yake. Aliyebaki aliyeuona ule mpira hewani ni wewe.

Jumamosi tarehe tatu Septemba, mchana, mchezo wetu utaonyeshwa nchi nzima. Niko kituo cha kwanza.

Mjukuu wako,
Kelby


Wessel, 5 Septemba 2016

Mjukuu wangu Kelby,

Salamu nyingi. Magoti ni yaleyale, usiulize. Natumaini nawe u mzima, na nilivyokuona Jumamosi u mzima, ila umekonda.

Nilikwenda kwa Lowell. Usifikiri nilikwenda kwa kuwa uliniambia. Nilikwenda kwa sababu Donna hufunga mapema Jumamosi na Lowell ana televisheni kubwa.

Nilioka kuchen, keki yetu ya plamu, nikavaa viatu vya kanisani. Nilimkuta anafunga geti lake, akaniona, akaanza kuvuka barabara kama kawaida yake. Nami nikavuka. Akarudi upande wa kwanza. Nikarudi. Ilibidi asimame, kanizidi miguu lakini hakunizidi nia.

"Arlys. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuambia kwamba ulikuwa salama."

"Hilo nalijua tangu mwaka sabini na nane. Umebeba keki kuja kuniambia ninachokijua?"

"Hujui kilichotokea."

Nikamwambia palepale barabarani, maana ningekaribishwa kiti ningebadili nia. Mfuniko, foleni, mke wa mchungaji, yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akaanza kucheka. Kelby, alicheka hadi akashika nguzo ya geti.

"Soda ya zabibu! Miaka yote hii namwita Verlyn kipofu, kumbe mwizi wangu alikuwa na kiu tu!"

Nami nikacheka, nikajiona nimepona. Halafu akaiachia nguzo.

"Verlyn alijua?"

"Hapana."

"Hukumwambia? Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akaitazama keki. "Mimi ulinipokonya kombe, Arlys. Lingekuwa limeshapata kutu. Yeye ulimpokonya zaidi."

"Najua, Lowell."

"Nilikuwa nikiliona lile lori. Kila Jumapili. Hata mara moja sikwenda kugonga kioo."

Tukabaki tumesimama pale kama ng'ombe wawili kwenye mvua. Nilidhani ataingia afunge geti. Akasema, "Ingia basi. Mchezo umeanza, na huyo wenu amevaa suruali ya kaka yake."

Sasa mchezo. Kipindi cha sita, mpira ukatupwa kituo cha kwanza, ukanyoosha mikono: salama. Lowell akaruka kwenye kiti.

"Nje! Nje huyo! Jamani, nyumba yenu mna ugomvi gani na kituo cha kwanza?"

"Nyamaza, Lowell. New York haijasema."

Lakini nilikuwa nimeona mwenyewe. Alikuwa nje. Na kocha akatoka, na nikajua kwamba kosa uliloniandikia ndilo hili, limefika. Ukavaa hedifoni kando ya Hollis. Kamera ikakuleta usoni karibu kabisa, nami nikaanza kuitafuta ile shingo ngumu. Niliitafuta, Kelby, mikono yangu imeng'ang'ania kiti cha watu hadi vidole vimekufa ganzi. Haikuwepo. Ulikuwa unangoja tu, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Hollis akakunja ngumi: nje. Watu wakakuzomea vizuri sana. Ukavua hedifoni ukampa mwenye nazo. Kocha akapita akakuambia kitu, ukamjibu, mkacheka wote wawili, sijui mlisemaje. Kisha ukarudi pale pale ulipokuwa, ukapandisha suruali, ukainama mikono magotini, ukangoja mpira mwingine.

Basi. Ni hicho tu. Sijawahi kuona mtu wa nyumba yetu akikosea hadharani na mchana ukaendelea kuwa mchana. Nilishusha pumzi kubwa hata Lowell akageuka akaniuliza kama aite daktari. Nikamwambia aache upuuzi, anikatie kipande cha pili.

Bibi yako,
Arlys